Saa Mbili ya Mwezi 8 Si Saa Mbili ya Mwezi 15

*"Mwalimu, shikamoo. Mimi naishi Mombasa, lakini mama yangu ni mtu wa Siyu, kisiwani Pate. Ana miaka 71, magoti yanamsumbua na anatumia dawa za presha. Mwaka jana tulimpeleka kwa ndugu zake. Kwenda tulivuka mwezi 8, yaani siku ya nane ya mwezi wa Kiislamu, tukaondoka Lamu saa mbili asubuhi, safari ikawa tamu. Kurudi ilikuwa mwezi 15. Tulipanda boti Mtangawanda, gati la Pate, saa mbili ileile. Nahodha alitaka tungoje mpaka mchana, sisi abiria tukamhimiza, maana wengi tulikuwa na tikiti za basi la kutoka Mokowe, upande wa bara. Saa tatu tukakwama Mkanda, ule mkondo kati ya kisiwa cha Manda na bara. Tulikaa juu ya tope, juani, mpaka karibu saa sita. Mama hajasahau. Sasa kuna harusi ya mjukuu wake huko Siyu, mwezi 15 Mfunguo Pili, na nataka tuvuke mwezi 13, saa mbili asubuhi kama tulivyokwenda mwaka jana. Kaka yangu anasema bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, ni hatari, bora tumpeleke mapema wakati wa maji mafu, yasiyopanda wala kushuka sana. Shemeji anasema tukodi boti ya mbio tupite nje, bahari kuu, tuachane na Mkanda. Na yuko aliyeniambia Mkanda umechimbwa, siku hizi unapitwa saa yoyote. Nimsikilize nani?"*

Marahaba, ndugu yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na naona kinachokukosesha usingizi ni ile picha ya mama amekaa kwenye ubao wa boti saa tatu nzima, kitambaa kimelowa jasho, na wewe huna la kufanya. Chombo kuzama hakumo katika hofu yako, na hapo uko sahihi. Basi nikupe jibu kwanza, sababu zifuate: vukeni mwezi 13 kama ulivyopanga, lakini si saa mbili asubuhi. Ondokeni Lamu mkishaswali adhuhuri. Hiyo saa mbili uliyoipenda mwaka jana, safari hii ndiyo itakayowaweka kwenye tope tena.

Twende kwenye safari zenu mbili za mwaka jana, kwa sababu umeniandikia kila nilichohitaji bila wewe kujua. Mwezi 8, pwani yetu, maji hujaa karibu saa nne na nusu asubuhi. Mliondoka saa mbili, mkafika Mkanda karibu saa tatu, maji yanapanda, yamebakiwa na saa moja na nusu kufika juu. Lazima safari iwe tamu. Mwezi 15 maji yalijaa saa kumi na dakika kama 20 alfajiri, mama akiwa bado hajaamka kuswali. Mlipopanda boti saa mbili yalikuwa yanatoka kwa zaidi ya saa tatu na nusu. Saa tatu mkagusa chini. Yakaendelea kupwa mpaka karibu saa nne na nusu, yakasimama, yakaanza kurudi, na saa sita chombo kikaelea. Hesabu vidole: saa moja na nusu kabla ya maji kukauka, saa moja na nusu baada yake. Ndivyo kupwelewa kulivyo. Maji hukuachia mahali fulani yakishuka, na hukuinua yakirudi kwenye kipimo kilekile. Kwa hiyo mlikuwa na bahati. Mngegusa saa moja asubuhi, mngeelea saa nane mchana.

Saa ya ukutani ilikuwa ile ile, njia ile ile, pengine na boti ile ile. Kilichobadilika ni mwezi.

Wengi hudhani maji yana ratiba kama ya basi. Yana ratiba kweli, ila ni ya mwezi, na siku ya mwezi ni ndefu kuliko yetu. Dunia ikijizungusha mara moja, mwezi nao umekwishasogea mbele kidogo, kwa hiyo inahitaji dakika 50 hivi za ziada kuufikia. Ndani ya saa hizo 24 na dakika 50 maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili. Kutoka kujaa hadi kujaa ni saa 12 na dakika 25, na kutoka kujaa hadi kupwa ni saa sita na kitu. Kila siku, basi, maji huchelewa. Hayachelewi sawasawa: siku za bamvua yanaweza kuchelewa dakika 40 tu, siku za maji mafu saa nzima au zaidi. Ukijumlisha wiki moja unapata karibu saa sita, na saa sita ndiyo masafa kati ya maji kujaa na maji kupwa. Ndiyo maana saa iliyokuwa nzuri mwezi 8 huwa mbaya mwezi 15, na ikawa nzuri tena mwezi 22 au 23.

Kuna jambo moja la pwani yetu ambalo mzee yeyote wa Lamu analijua ingawa huenda asikueleze sababu yake. Bamvua huja na saa zake. Mwezi ukiwa mchanga au mpevu, kutoka Lamu hadi Mombasa maji hujaa karibu saa kumi, ya alfajiri na ya jioni, na hupwa karibu saa nne, ya asubuhi na ya usiku. Haiwi vinginevyo mwaka mzima. Siku hizo mwezi, jua na dunia huwa kwenye mstari mmoja, kwa hiyo mwezi hupita utosini karibu na adhuhuri au usiku wa manane, na maji ya pwani yetu humfuata kwa kuchelewa kama saa nne. Ndiyo maana ukiwaona watu wanateremka miambani na vijiti vya kutafutia pweza saa tatu na nusu asubuhi, huna haja ya kuuliza tarehe. Ni bamvua. Na siku hizo hizo ndizo ambazo mgeni aliyezoea kusafiri asubuhi na mapema hupwelewa.

Sasa kaka yako. Anachanganya mambo mawili, na kwa haki kabisa, maana jina lenyewe linadanganya: maji mafu, nani aogope kitu kilichokufa? Wakati wa bamvua nguvu ya mwezi na ya jua hujumlishana, maji yakapanda sana na kushuka sana. Wakati wa maji mafu, mwezi 8 na mwezi 22 hivi, zinavutana pembeni, yakapanda kidogo na kushuka kidogo. Kwenye bandari ya Kilindini, tofauti kati ya kujaa na kupwa siku za bamvua ni karibu mita 3.2, kimo cha mtu mzima na nusu yake na zaidi. Siku za maji mafu ni mita moja na ushei. Lamu haiko mbali na vipimo hivyo. Kaka yako anaona kwamba maji mafu hayatoki sana, na hilo ni kweli. Asichokiona ni kwamba hayaingii sana pia. Maji mafu yakijaa mpaka mwisho, bado yako chini ya bamvua kwa kiasi cha mita moja. Kwa anayetaka kuogelea, hilo si neno. Kwa anayetaka kupita Mkanda na kisha kuingia kijito cha Siyu kati ya mikoko, mita moja ndiyo tofauti kati ya kushuka gatini na kushushwa kwenye mtumbwi nje huku unashikwa mikono.

Maji mafu yana wema wake, nisiyaonee: mkondo wake ni mpole, na njia ikipitika hupitika kwa muda mrefu kwa sababu maji hayana haraka. Mwaka jana mwezi 8 yaliwafaa kwa boti mliyopanda. Boti ileile ikiwa imepakia saruji na magunia ya unga, huenda yasiifae. Bamvua huwa mkali kwa mtu asiyeujua wakati wake. Anayeujua hupewa maji mengi kuliko siku nyingine yoyote.

Mkanda ni mwembamba, uko kati ya kisiwa cha Manda na bara, na jina lake linausema. Lakini wembamba siyo ugonjwa wake. Tazama: una milango miwili, mmoja upande wa Lamu na Mokowe, wa pili upande wa ghuba ya Manda. Maji yakijaa huingia kwa milango yote miwili na kukutana ndani. Yakikutana hupoteza nguvu, na maji yakipoteza nguvu huangusha tope yaliyobeba. Yakipwa, hugawanyika hapo hapo, kila upande ukaenda zake, na tope la kati halipati mkondo wa kulisomba. Kwa hiyo mkondo wa aina hii huwa na mgongo katikati, kama njia ya gari la ng'ombe yenye kina kwenye magurudumu na kipwa kati. Ukiingia mlangoni unaona maji mazuri, ya kijani, ukafurahi. Nusu saa baadaye injini inaanza kutema tope, baharia anashika pondo, na nahodha ananyamaza. Ukimwona nahodha wa Lamu amenyamaza, jua anahesabu shibiri.

Hapo ndipo ninapomjibu aliyekuambia umechimbwa. Kuchimba kunasaidia: mkondo ukichimbwa, kile kipindi cha kupita kabla na baada ya maji kujaa hurefuka. Lakini mahali ambapo maji yenyewe huangusha tope, tope litarudi. Atakayechimba leo atachimba tena. Kwa hiyo "saa yoyote" usilichukue kutoka kwa mtu wa gatini. Anayejua hali ya mgongo ule wiki hii ni aliyeupita juzi na boti ya kina kama yenu.

Lakini kama ungenilazimisha nikupe neno moja tu la kukaa nalo, nisingekupa la kina. Ningekupa la mwelekeo: piteni mahali pafupi maji yakiwa yanajaa, hata kama hayajafika juu. Watu hutafuta maji mengi. Nahodha mzuri hutafuta maji yanayopanda. Ukigusa chini maji yanapanda, unakaa dakika kumi, unakunywa kahawa, yanakuinua. Ukigusa maji yanatoka, hata kama ni mengi, umekwisha funga ndoa na lile tope. Na kubaya kupita kote ni kugusa kwenye kilele cha bamvua chenyewe, kwa sababu maji ya usiku huo na ya kesho yake yanaweza yasifike tena pale yalipokupandisha. Nimewahi kukaa na chombo cha kupimia kina juu ya fungu kwa siku kumi na mbili kwa kosa hilo, tena langu mwenyewe, nikila wali na papa mkavu na kutazama ngisi wakipita kwenye maji yasiyofika magotini. Tangu hapo nimekuwa mpole sana kwa manahodha wanaokataa kuondoka.

Kasi nayo ina desturi yake. Maji hayashuki kama ndoo inayovuja sawasawa. Chukua bamvua ya mita 3: saa ya kwanza baada ya kujaa hushuka robo mita tu, saa ya pili nusu mita, saa ya tatu na ya nne robo tatu ya mita kila moja, ya tano nusu, ya sita robo. Yaani huanza polepole, yakakimbia katikati, yakatulia mwishoni. Mtu akitazama gati saa moja baada ya kujaa huona maji bado yako palepale, akasema "tuna muda, tumalizie chai". Chai ikiisha, nusu ya maji imeondoka. Ninyi mlipomhimiza nahodha saa mbili, yalikuwa yameshashuka mita mbili, na njiani kuelekea Mkanda yakatoa zaidi ya nusu mita nyingine. Alikuwa anashindana na kitu kinachokimbia. Sisemi hakukosea; nahodha akisema tungoje, aseme na asimame hapohapo. Ila mngojee na ninyi.

Na msione aibu, kupwelewa hakukuanza na basi la Mokowe. Vita vya Shela, karibu mwaka 1812, jeshi la Pate na Wamazrui wa Mombasa liliposhindwa na watu wa Lamu lilikimbilia vyombo vyake ufuoni. Maji yalikuwa yametoka. Vyombo vilikuwa vimelala mchangani, na wengi waliuawa hapo hapo kando ya vyombo walivyokuja navyo. Huko Manda nako, mji wa kale wa Takwa mpaka leo huingiwa kwa boti kupitia kijito cha mikoko maji yakiwa yamejaa tu. Ukichelewa kutazama magofu, utatazama na nyota.

Kwa shemeji nitasema machache. Njia ya nje, kuzunguka Manda upande wa bahari kuu, ipo, na maji yake ni ya kina saa zote. Lakini inaanza kwenye mlango wa Shela, ambako mawimbi ya bahari hukutana na maji yanayotoka, na wakati wa kusi huko nje hakuna kinachowakinga mpaka mwingie ghuba ya Manda. Boti ya mbio ikipiga wimbi hupiga kama gari kwenye shimo, tena na tena, saa nzima. Kijana huteremka anacheka. Mwanamke wa miaka 71 mwenye magoti mabovu atateremka na mgongo pia. Wakati wa kaskazi, siku tulivu, asubuhi, na nahodha anayeijua, haina ubaya. Kusi ikivuma, mwambie shemeji aende peke yake, awatangulie na vyombo vya harusi kama anapenda.

Haya, mwezi 13. Maji yatapwa karibu saa tatu asubuhi na yatajaa kati ya saa tisa na saa tisa na nusu alasiri. Mna milango miwili ya kupita: Mkanda kwanza, kisha kijito cha Siyu. Mkingoja maji yajae kabisa ndipo mpite Mkanda, mtafika Siyu yakitoka. Kwa hiyo mpite Mkanda mapema, yakiwa yamebakiwa na saa moja na nusu kujaa, ili mfike mdomo wa kijito cha Siyu yakiwa juu. Kwa boti ya mwendo wa kati, inayofika Siyu kwa saa mbili na nusu hivi, hiyo ni kuondoka Lamu saa saba kasoro robo. Boti ya abiria inayopitia Mtangawanda kushusha watu huenda polepole zaidi. Hiyo iondoke saa sita, hata kabla ya adhuhuri. Bamvua itakuwa inakua, kwa hiyo hata mkikosea nusu saa mna maji ya kutosha chini yenu. Jaribuni kupata boti ndogo inayoingia mpaka mjini, msiende na ile kubwa inayosimama nje na kuhamishia watu kwenye mitumbwi. Kwa mama, kuhama chombo juu ya maji ndiyo sehemu ngumu kuliko Mkanda wenyewe.

Kuna faida nyingine hapo ambayo hukuifikiria. Gati la Lamu lina ngazi. Siku za bamvua saa tatu asubuhi, ngazi za chini huwa nje ya maji, kijani tupu kwa ukoga, na boti iko chini kimo cha mtu. Utamteremshaje mama? Saa saba maji yatakuwa yameshapanda nusu na zaidi na kuzifunika zile zenye utelezi. Usiku wa kuamkia mwezi 13 laleni Lamu. Basi la kutoka Mombasa na boti ya Pate visiwe siku moja. Hiyo ndiyo haraka iliyowakwamisha mwaka jana.

Saa nilizokupa ni za kupangia, siyo za kufungia kamba. Mwezi ukiandama siku moja kabla au baada ya mlivyodhani, maji yatasogea dakika 40 hivi. Wiki ya safari tafuta jedwali la maji la Lamu, na kama huna, la Kilindini litakusogeza karibu, kwa tofauti ya dakika chache. Hapo ujihadhari na mtego ambao nimeona ukinasa hata watu waliosoma. Jedwali huandika saa kwa mtindo wa Kizungu, kuanzia usiku wa manane. Ukiona maji yanajaa 04:20, usisome saa nne na dakika 20. Ni saa kumi alfajiri na dakika 20. Saa zetu na zao zimepishana sita, na saa sita, kama nilivyokuambia, ndiyo kutoka kujaa hadi kupwa. Yaani anayekosea kusoma hakosei kidogo: anafika gatini maji yakiwa yamekauka kabisa, ana karatasi mkononi inayoapa kwamba yamejaa. Jedwali jingine hutumia saa ya Greenwich, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu. Tazama juu ya ukurasa. Na ukikuta jedwali limeandika mita 3.4, hicho siyo kina cha Mkanda. Ni kimo cha maji juu ya alama ya maji ya chini kabisa. Mgongo wa tope una hesabu yake mwenyewe.

Kurudi. Harusi ni mwezi 15, na najua hamtaondoka kesho yake na sahani hazijaoshwa, lakini kama mnaweza, mwezi 16 ni siku nzuri. Maji yatajaa karibu saa kumi na moja jioni. Safari hii milango imegeuka: kijito cha Siyu ni cha kwanza, Mkanda wa mwisho. Tokeni Siyu saa tisa, maji bado yanapanda, mtaupita Mkanda yakikaribia kujaa na kuingia Lamu kabla ya magharibi. Mwezi 17 pia inawezekana, ila itawapeleka karibu na machweo, na mwezi 18 giza litawakuta njiani. Sipendi Mkanda gizani na mtu mzima ndani ya boti. Mkivuka mwezi 17 bila kuondoka, kaeni mpaka mwezi 20. Hapo maji hujaa saa moja na nusu asubuhi. Mtoke Siyu kwa nchi kavu alfajiri mpaka Mtangawanda, ambako kuna kina saa zote, mpande boti saa kumi na mbili na robo. Njia ya nchi kavu ni pikipiki au punda, na mkibahatika, gari. Kwa magoti ya mama ningeulizia gari siku mbili kabla.

Mengine hayaandikiki, lazima uyaone kwa macho. Jioni ya mwezi 12 nenda gatini ukazungumze na nahodha mwenyewe, si dalali. Muulize amepita Mkanda lini mara ya mwisho, boti yake ikijaa watu inazama kiasi gani, na kama atakubali kuahirisha mkichelewa. Akikujibu "hakuna shida" kwa yote matatu, tafuta mwingine. Tazama jaketi za kuokolea kama zipo za kutosha na kama zinafungika. Zilizofungwa pamoja kwa kamba chini ya ubao zimewekwa kwa ajili ya mkaguzi. Kama chombo kinapakia kupita kiasi, shukeni, na ikibidi Mamlaka ya Usafiri wa Baharini ndiyo inayohusika na leseni na usalama wa boti. Na kabla ya yote, mpeleke mama kwa daktari wake Mombasa. Mimi najua maji, sijui presha. Aulizwe kama anaweza kukaa saa mbili na nusu kwenye joto, na dawa azinywe saa ngapi siku ya safari. Dawa za siku tatu za ziada ziwe mkobani mwake, zisiwe kwenye sanduku lililofunikwa na turubai.

Akizidiwa kisiwani, msikae mkingoja maji. Hospitali ya Faza hufikika kwa nchi kavu kutoka Siyu, maji yawe yamejaa au yamekupwa.

Na ikitokea mkapwelewa tena, maana bahari ni bahari, mtu asishuke kutembea kwenda ufuoni. Tope la mikoko humeza mguu mpaka pajani, mizizi yake ina chaza wakali kama wembe, na samaki aitwaye taa hujilaza kwenye vidimbwi vinavyobaki. Chombo kikilala upande, wasogezeni watu upande wa juu, tandazeni turubai, mama apewe maji kidogo kidogo, na umuulize nahodha mligusa chini saa ngapi na maji yanamaliza kupwa saa ngapi. Masafa hayo rudieni upande wa pili, mtajua dakika ya kuelea, na mama ataacha kuuliza "bado?".

Mkae naye katikati ya chombo, karibu na tezi, yaani nyuma, si omo, mbele, ambako hupigwa na manyunyu. Mwavuli achukue, ila aufunge boti ikishatoka bandarini.